FRAP inasema 0.055, nukta zinasema 0.14: niandike namba ipi?

Swali nimelifupisha kidogo, na maneno magumu nimeyafafanua kwenye mabano:

"Shikamoo dokta. Nasoma masters, nimetoka Tanzania nipo Ujerumani kwenye maabara kwa miezi sita, na sa hivi nimebakiza wiki tatu nirudi. Napima kipokezi cha EGFR (protini ya utando inayopokea ishara ya EGF) kinavyotembea juu ya seli hai za CHO (seli za maabara kutoka ovari ya hamster), nimekiunga na HaloTag (kipande cha protini kinachoshika rangi) na rangi inayong'aa ya JF549. Kwa FRAP (unaunguza rangi kwa leza sehemu moja halafu unapima mng'ao unavyorudi) nilichoma duara la nusukipenyo 1.5 µm, mng'ao unarudi nusu kwa sekunde 9, asilimia 75 inarudi, nikapata D (kipimo cha kusambaa) ya 0.055 µm²/s. Afu kwenye TIRF (maikroskopu inayomulika tabaka jembamba tu la seli lililogusa kioo) nikafuatilia nukta moja moja, fremu kila milisekunde 50, nikatoa robo ya nyayo (njia ya kila nukta) ambazo zimeganda. Wastani wa mraba wa umbali kwa fremu nne za mwanzo ni 0.028, 0.048, 0.068 na 0.087 µm², kwenye sekunde 1 ni 0.30 na kwenye sekunde 2 ni 0.53. Nikigawa ile ya kwanza kwa 4t napata 0.14. Zote nimefanya nyuzi 37. Msimamizi ananiuliza naandika ipi kwenye tasnifu na mimi sina jibu. Ipi ni sahihi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kutuma namba zenyewe maana wengi wananiandikia tu "matokeo hayaendani" halafu nabaki nabahatisha. Jibu nakupa kabisa hapa mwanzo ili upumue: hizo njia mbili hazigombani. Ile 0.14 ina kosa la hesabu ambalo unalirekebisha leo leo bila kupiga picha hata moja, ukilitoa inashuka kwenye 0.10, na tofauti inayobaki kati ya 0.10 na 0.055 sio kosa, hiyo ndo matokeo yako, na ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye tasnifu yako kama utaitetea vizuri.

Kwa faida ya wengine wanaosoma niseme kidogo tunaongelea nini. Utando wa seli ni tabaka la mafuta, na protini zimepachikwa humo zinaelea na kuhangaika huku na huku. Hili lilionekana kwa macho mwaka 1970, Frye na Edidin kule Johns Hopkins waliunganisha seli ya panya na seli ya binadamu kwa kutumia kirusi cha Sendai zikawa seli moja, protini za upande wa panya wakazipaka kingamwili za rangi moja na za binadamu rangi nyingine, mwanzoni unaona nusu hii rangi hii nusu ile rangi ile, baada ya dakika 40 kwenye nyuzi 37 rangi zimechanganyika seli nzima. Wakishusha joto, mchanganyiko unagoma. Sasa chukua hiyo D yako ya 0.055 uone: mara 4, mara sekunde 2,400, unapata 528, kipeuo chake cha pili ni kama 23 µm, yaani karibu na upana wa seli yenyewe. Ni hesabu ya juu juu na protini sio ile ile, ila mi huwa naifanya kila nikipata D mpya, maana inakuambia mara moja kama upo kwenye nchi sahihi au umekosea nukta ya desimali. Wewe upo nchi sahihi.

D yenyewe ni kipimo cha jinsi kitu kinavyosambaa. Kitu kinachohangaika bila mwelekeo hakiendi mbali sawasawa na muda, ni mraba wa umbali ndo unaokua sawasawa na muda, na juu ya utando ambao ni bapa mraba huo kwa wastani ni 4 mara D mara muda. Hapo ndo umepata ile kugawa kwa 4t. Fomula ni sahihi kabisa, shida ni kwamba inahusu protini na wewe umeipa namba za kamera.

Fanya hivi sasa hivi, chukua nukta moja iliyoganda kwenye kioo, nje ya seli kabisa, kale karangi kaliko anguka pale kakanasa. Fungua fremu mia zake utazame zile koodineti. Utaona inaruka, fremu hii ipo hapa, inayofuata imesogea nanomita 50 kulia, inayofuata 70 juu, inarudi, inaruka tena, wakati haijaenda popote. Ni kwa sababu kwenye picha molekuli moja haionekani kama nukta, inaonekana kama doa lenye upana wa nanomita 250 hivi, hio ni sheria ya mwanga wenyewe na lenzi nzuri haikuokoi, na programu inakisia katikati ya doa ni wapi kwa kuangalia fotoni (chembe za mwanga) chache zilizoingia. Fotoni zikiwa nyingi kisio linakuwa zuri, zikiwa chache linayumba. Huko kuyumba programu inakuhesabia kama mwendo, na kunaongeza kitu kile kile kwenye kila nukta ya grafu yako, iwe milisekunde 50 au sekunde 2. Kwenye sekunde 2 hukuoni maana mwendo wa kweli umeshakuwa mkubwa, ila kwenye ile nukta ya kwanza ni kama nusu ya namba yako yote.

Kwa hiyo usigawe nukta ya kwanza, tafuta mwinamo, yaani grafu inapanda kiasi gani kwa kila sekunde. Kutoka 0.028 hadi 0.087 ni 0.059, muda umepita sekunde 0.15, mwinamo ni 0.393, gawa kwa 4 unapata 0.098. Hiyo ndo D yako ya masafa mafupi, sema 0.10. Halafu rudisha mstari nyuma hadi muda sifuri, utaona haupiti kwenye sifuri, unakata juu kwenye 0.008. Hapo kuna vitu viwili vinavutana, kuyumba kwa kisio kunaupandisha mstari, na ule ukungu wa mwendo unaushusha, yaani kwa kuwa shata ipo wazi milisekunde zote 50 protini inatembea wakati picha inapigwa na doa linakuwa wastani wa njia nzima. Ukungu unapunguza 4/3 ya D mara muda wa fremu, kwako ni 0.0065. Ukijumlisha unapata kuyumba ni 0.0148 na ukikigawa kwa 4 na kutoa kipeuo cha pili kila mhimili unakosea kama nanomita 60. Kwa JF549 hiyo ni nyingi kidogo, mi ningetegemea 30 hivi, kwa hiyo nahisi leza umeiweka chini sana kuogopa rangi isiungue, au fokasi imekaa vibaya. Sio dhambi, ila ijue.

Na usiniamini mimi, pima. Siku moja katika hizo wiki tatu itoe kwa ajili ya seli zilizokufa. Seli zile zile, rangi ile ile, leza ile ile, fremu zile zile, ila zimefiksiwa, yaani zimegandishwa kwa kemikali. Angalizo moja ambalo watu wengi hawalijui: paraformaldehaidi peke yake haizuii protini za utando kutembea, zingine zinaendelea kusambaa kama hakuna kilichotokea, ongeza glutaraldehaidi 0.2% ndo zinatulia. Grafu ya seli zilizokufa inatakiwa iwe mstari mlalo kwenye 0.015 hivi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikipanda taratibu kwa mstari ujue hazijafiksika vizuri. Ikipanda kwa kujikunja kwenda juu, muda ukizidi mara mbili yenyewe inazidi mara nne, ujue meza ya maikroskopu inateleza.

Hili la kuteleza limeniumiza mwenyewe, nilikuwa na seti nzuri ya data protini zote zinaonekana "zinasafirishwa" upande mmoja, nikaanza hata kuandika habari ya mota na maikrotubuli (wabeba mizigo wa ndani ya seli na reli zao), wiki tatu nzima, hadi mwenzangu akaniambia hebu nionyeshe shanga za kwenye kioo (vitone vinavyong'aa ambavyo vimeganda pale), na shanga nazo zinasafiri upande ule ule. Ilikuwa ni ubaridi wa kiyoyozi unaopuliza moja kwa moja kwenye meza. Toka siku hiyo sipigi picha bila shanga kwenye kona, na nakuomba na wewe uweke, zitoe mwendo wake kwenye mwendo wa kila nukta.

Haya, tuje kwenye hiyo 0.10 dhidi ya 0.055.

Angalia namba zako za mbali. Sekunde 1 ni 0.30, sekunde 2 ni 0.53. Kama protini ingekuwa inasambaa kwa ile 0.10 muda wote, kwenye sekunde 1 ungepata kama 0.40 na kwenye 2 kama 0.80. Hukupata. Sasa chukua mwinamo wa hapo tu, 0.53 toa 0.30 ni 0.23 kwa sekunde moja, gawa kwa 4, unapata 0.0575. Umeiona? Nyayo zako zenyewe, kwenye masafa marefu, zinasema kitu kile kile FRAP inasema. Na lazima iwe hivyo, kwa sababu FRAP haioni hatua ndogo ndogo. Unachoma rangi kwenye duara, unasubiri protini ambazo hazijaungua zitoke nje ziingie ndani, na kwa duara la 1.5 µm na sekunde 9 unachokipima ni safari ndefu, protini imeshapita kila kizuizi kilichopo njiani. Hesabu yako ya FRAP nimeirudia pia, 0.88 mara 2.25 gawa kwa 36 ni 0.055, ipo sawa, hiyo fomula ni ya Axelrod na wenzake ya 1976 na bado inafanya kazi.

Fikiria nyumba ya kupanga, vyumba vingi, korido moja. Mtu akiwa chumbani kwake anatembea kwa kasi ya kawaida kabisa, kitandani, dirishani, kwenye jiko. Ukimpima kwa sekunde chache unasema huyu anatembea vizuri. Ila ukitaka kujua itamchukua muda gani kufika upande wa pili wa nyumba, lazima uhesabu na milango, na milango mingine imefungwa anasubiri. Mtu ni yule yule, miguu ile ile. Kwenye seli kuta za hivyo vyumba ni nyuzi za aktini za kile kiunzi kilicholala chini ya utando, mkia wa protini unaning'inia ndani unagonga hapo, hadi ukuta utingishike kidogo ndo inaruka chumba kingine. Kusumi na wenzake kule Japani ndo wameifanyia kazi hii kwa miaka, walifunga chembe ya dhahabu ya nanomita 40 kwenye molekuli ya mafuta na kuipiga picha kila maikrosekunde 25, hiyo ni fremu 40,000 kwa sekunde, na mwaka 2002 wakaonyesha kwenye seli za figo za panya kwamba mafuta yenyewe yanakaa kwenye kichumba cha nanomita 230 kwa wastani wa milisekunde 11 halafu yanaruka. Sasa wewe fremu yako ni milisekunde 50. Kabla hujapiga fremu ya pili molekuli kama ile imesharuka mara nne. Kwa hiyo hata hiyo 0.10 tunayoiita ya masafa mafupi sio mwendo huru wa protini ndani ya mafuta, ni mwendo ambao tayari una milango ndani yake, na ndo maana kwenye utando wa bandia usio na kiunzi protini zinakimbia µm²/s kadhaa na kwenye seli hai tunaona sehemu ndogo tu ya hapo. Unachokiona wewe kikikunja grafu kwenye sekunde moja ni kizuizi cha ngazi nyingine, kikubwa zaidi, kipeuo cha pili cha 0.30 ni 0.55 µm, nusu maikromita hivi.

Ila subiri kwanza kabla hujaandika neno "vyumba" kwenye tasnifu. Hicho kikunjo kinaweza kutengenezwa na programu, na mtahini mjanja ataanzia hapo hapo.

Nyayo zinazofika sekunde 2 ni zipi? Ni fremu 40 mfululizo bila rangi kuungua na bila programu kuipoteza nukta. Nukta inayokimbia inapotea kirahisi, inatoka nje ya eneo au inakatiza jirani yake programu inachanganyikiwa, nukta ya polepole inabaki. Maana yake ile sehemu ya mbele ya grafu yako inajumuisha protini zote na ile ya nyuma imebaki na wazee tu, na grafu inajikunja hata kama hakuna ukuta wowote. Kipimo chake ni rahisi: chagua nyayo zilizofika sekunde 2 tu, rudia hesabu ya zile fremu nne za mwanzo kwa hizo peke yake. Zikikupa 0.10 basi kikunjo ni cha kweli. Zikikupa 0.06 basi pole, ulikuwa unalinganisha makundi mawili tofauti. Hiki ni kitu cha kwanza ambacho ningefanya leo jioni ningekuwa wewe, kabla hata ya zile seli za kufiksi.

Jingine ni lile duara la kutafutia, ule umbali wa juu unaoiruhusu programu kuunganisha nukta ya fremu hii na ya fremu inayofuata. Hukuniambia umeweka ngapi. Kwa data yako mraba wa hatua moja ni 0.028, ukiweka 0.3 µm unakata karibu asilimia 4 ya hatua, na unazokata zote ni zile ndefu, ukiweka 0.5 unakata chini ya moja katika elfu. Kwa hiyo weka 0.5. Lakini 0.5 inataka nukta ziwe mbali mbali, na hapa watu wengi wanajisahau wanapaka rangi nyingi ili wapate data nyingi: nukta 0.5 kwa kila µm² zina jirani wa karibu kwenye 0.7 kwa wastani, utaunganisha protini ya huyu na ya yule. Shuka hadi 0.1 kwa µm² au chini yake, jirani anakuwa 1.6 hivi, hapo unapumua. Punguza rangi, usipunguze macho.

Afu hiyo robo uliyoitoa. Nimefurahi kwamba umetoa robo na FRAP nayo inasema robo hairudi, inapendeza sana zikiendana, ila niambie umezitoaje? Kama umeweka kizingiti ukasema yoyote iliyosogea chini ya kiasi fulani namtoa, umetoa na baadhi ya protini hai ambazo kwa bahati tu hazikwenda mbali, na D yako imepanda bila sababu. Chora mgawanyo wa mraba wa hatua kwa nyayo zote bila kutoa kitu, kwenye mhimili wa logi. Kundi moja linalosambaa linakupa mstari ulionyooka unaoshuka. Wewe nategemea utaona mistari miwili imeungana, mmoja mkali sana karibu na sifuri, ule unatakiwa uwe sawasawa na zile seli zako zilizokufa, na mwingine unaolala. Zitenganishe kwa kufiti, sio kwa mkasi.

Kwenye FRAP nina ombi moja tu kubwa. Rudia kwa duara la nusukipenyo 3 µm. Kama ni kusambaa kweli, ukizidisha duara mara mbili muda unazidi mara nne, sekunde 9 inakuwa 36 hivi. Ukikuta bado ni 9 au 10, basi ulichopima sio kutembea, ni protini kushikwa na kuachiwa papo hapo, na ile 0.055 haina maana yoyote hata kama fomula imekupa. Duara kubwa linakula sehemu kubwa ya rangi ya upande wa chini wa seli, kwa hiyo mng'ao hautarudi hadi juu hata kama kila protini inatembea, pima na mng'ao wa seli nzima uugawie, la sivyo utasema zilizoganda zimeongezeka. Na uchomaji uwe wa haraka, ukichoma sekunde mbili protini zinaingia na kutoka wakati unachoma na duara lako la kweli linakuwa kubwa kuliko ulilolichora. Tazama picha ya kwanza baada ya kuchoma, pima hapo nusukipenyo halisi, tumia hiyo.

Kuna mambo ya seli zenyewe ambayo hukuyataja. Seramu (majimaji ya damu wanayolishiwa seli) umeitoa saa ngapi? EGFR ikipata EGF inajishika mbili mbili na ndani ya dakika chache inaanza kumezwa ndani ya seli, ukipiga FRAP na seramu ipo unapima mchanganyiko wa protini huru, zilizoshikana na zilizonaswa kwenye vishimo vya klathrini, vile ambavyo seli inamezea vitu. CHO ni chaguo zuri kwa vile zenyewe hazina EGFR yake, hivyo unachokiona ni cha kwako, ila zinyime seramu saa kadhaa kabla. Na ukija kuweka EGF ukaona D imeshuka nusu, usikimbilie kusema "ni kwa sababu zimekuwa mbili mbili". Saffman na Delbrück walionyesha 1975 kwamba ndani ya tabaka jembamba la mafuta D inategemea ukubwa wa protini kwa logi tu, kuongezeka upana mara mbili kunaipunguza kidogo sana. D ikishuka nusu kuna kitu kimeishika, na hicho kitu ndo cha kutafuta.

Kama una siku ya ziada, jaribu latrunkulini. Inavunja aktini. Kama kuta ni za aktini, D ya masafa marefu inatakiwa ipande kuifuata ile 0.10 na kikunjo kilainike. Hiyo peke yake inaweza kubeba sura nzima. Fanya kwa dozi ndogo na haraka, seli zikijikunja na kuwa duara hazina tena upande wa chini wa kupiga TIRF.

Utasikia pia watu wanakushauri utumie uhusiano wa picha, ile njia ya Petersen na Wiseman ya 1993 na watoto wake, ambapo hufuatilii nukta, unaangalia jinsi mng'ao wa kila pikseli unavyopanda na kushuka na unachukua muda gani kusahau ulivyokuwa. Ni njia nzuri sana kwa seli zenye rangi nyingi ambako nukta hazitengani, na mimi naipenda. Kwako wewe doa la 0.25 µm na D ya 0.10 linasahau kwa sekunde 0.16 hivi, ni fremu tatu tu, kwa hiyo itabidi upige kwa kasi zaidi. Kama muda haupo iache, mashahidi wawili wanaokubaliana wanakutosha.

Kwenye tasnifu andika zote mbili, na kila moja iende na masafa yake. D ya 0.10 kati ya milisekunde 50 na 200, D ya 0.058 kati ya sekunde 1 na 2 kwa nyayo, D ya 0.055 kwa FRAP ya duara la 1.5 µm, makosa ya kisio nanomita 60 kwa mhimili, nyuzi 37, na kama seramu ilikuwepo au haikuwepo. Msimamizi akisema chagua moja, mwonyeshe ule mwinamo wa 0.0575 kwa kalamu mbele yake, ni dakika mbili. Na ukihesabu makosa ya wastani hesabu seli na siku, usihesabu nyayo. Nyayo 4,000 kutoka kwenye seli moja ni seli moja. Seli kama 20 za siku tatu tofauti zina uzito kuliko hizo elfu nne.

Cha mwisho ni cha begi lako. Maikroskopu hutarudi nayo, ila uchambuzi wote huu unafanyika kwenye laptop ya kawaida, programu za Fiji na TrackMate ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti. Kwa hiyo beba faili mbichi, zile zile zilizotoka kwenye mashine na taarifa zake zote ndani, sio video za AVI na sio picha za JPEG, ukishabana picha zile fotoni chache za nukta moja zimeharibika na hakuna wa kuzirudisha. Nakili kwenye diski mbili, moja weka kwenye begi la mkononi. Piga picha ya skrini ya mipangilio ya leza na kamera kila siku ya kazi. Piga na ile slaidi ya shanga. Ukubwa wa pikseli uandike kwa mkono wako, kamera ya pikseli za 6.5 µm na lenzi ya mara 60 ni 0.108 µm, hakikisha faili nalo linasema hivyo maana likikosea kwa mara moja na nusu D yako inakosea kwa zaidi ya mara mbili.

Na usidhani ukirudi ujuzi huu unakufa. Kazi ya kundi la damu la Dantu iliyotoka 2020 ilitumia damu ya watoto wa Kilifi, vipimo vikafanyika Cambridge kwa video za maikroskopu, wakasoma jinsi utando wa seli nyekundu unavyotetema fremu kwa fremu, wakaona utando wa Dantu umekazwa zaidi na kimelea cha malaria kinashindwa kuingia. Hawakuhitaji molekuli moja moja kwa hilo, walihitaji kamera ya kasi na mtu anayejua kutofautisha mtetemo wa seli na kuyumba kwa kipimo, na hicho ndo unachojifunza sasa hivi na hizo nukta zako.

Ukishamaliza ile hesabu ya nyayo za sekunde 2 niandikie umepata ngapi kwenye fremu nne za mwanzo, na ile ya duara la 3 µm. Kama ni 0.10 na 36, endelea na sura. Kama sivyo nitumie nyayo zenyewe tuziangalie pamoja kabla hujapanda ndege, bado kuna muda wa kurudia.